Umetoka operesheni ya pafu na hulali, kifua kinawaka, moyo mzito? Fuata hatua hizi kwa mpangilio

Kilio cha waliopasuliwa pafu ni kile kile kila mara. Mtu katoka hospitali, wiki ya pili au ya tatu, anasema usiku halali, kifua kinaungua kama kimepakwa pilipili, na mchana anatoka machozi bila kujua analilia nini. Ukimuuliza dawa unamezaje anajibu "navumilia kwanza, ikizidi ndo nameza."

Hapo ndo mnapokwama karibu wote, na mimi nilikwama hapo hapo nilipotolewa kipande cha juu cha pafu la kulia. Nikawa napambana na usingizi kwanza, kumbe usingizi haukuwa na kosa lolote, maumivu ndo yalikuwa yananiamsha, na kutolala ndo kulikuwa kunanivunja moyo. Kwa hiyo mpangilio wa hapa chini usiuruke: maumivu kwanza, usingizi wa pili, moyo wa tatu.

## Andaa hivi vitu kwanza

- Daftari dogo na kalamu. Usiandike kwenye simu, saa nane usiku simu itakuvuta kwingine.
- Karatasi ya dawa uliyopewa hospitali, yenye jina, kipimo na saa za kumeza. Kama imeandikwa ovyo piga simu wodini wakusomee.
- Alamu ya simu.
- Mito minne hivi, na mmoja mdogo mgumu kiasi wa kukumbatia. Taulo nene lililokunjwa linafaa pia.
- Kipima joto.
- Feni ndogo ya mkononi (utaona kazi yake hatua ya 6).
- Nguo laini pana zinazofunguka mbele.
- Dawa ya kulainisha choo, kama umeandikiwa dawa yoyote ya jamii ya mofini (zile kali za maumivu kama kodini, tramadoli na mofini yenyewe).
- Mtu mmoja, sio kumi, ambaye amekubali umpigie hata usiku.

## Ukiona haya acha kusoma, nenda hospitali

Pumzi imekatika ghafla au kifua kimekubana vibaya. Unakohoa damu, au umekohoa maji maji mengi kwa mkupuo. Homa ya 38 na kuendelea. Mguu mmoja umevimba na unauma kwenye shavu la mguu, manake damu inaweza kuwa imeganda huko. Moyo unakimbia bila mpangilio. Kidonda kinatoa usaha au kimeachia. Ngozi ya kifua au shingo imevimba na ukibonyeza unasikia kama vipovu vinapasuka chini yake, hiyo ni hewa inavuja.

Haya hayana hatua za nyumbani. Tuendelee.

## Hatua ya 1: Jua unaumwa nini hasa

Tumia siku moja nzima kuandika tu. Kuna maumivu ya aina tatu na kila moja lina dawa yake, ukiyachanganya utameza vidonge vingi na hutapona.

La mshono na misuli. Linauma ukijigeuza, ukicheka, ukikohoa, ukitulia linapoa. Hili hupungua wiki hadi wiki.

La neva. Hili ndo linalotisha watu. Linaungua, linapiga kama shoti ya umeme, sehemu nyingine ina ganzi kabisa, na nguo ikigusa tu unaruka. Halafu linakaa mbali na kidonda, chini ya titi au juu ya tumbo, mtu anaanza kuwaza ugonjwa umehamia huko. Hapana. Chini ya kila ubavu inapita neva inayotoka mgongoni kuja mbele, daktari akipanua mbavu au akipitisha kamera na mirija, neva ile inabanwa, basi popote inapofika patalalamika. Hata waliofanyiwa kwa matundu madogo ya kamera wanalipata, kwa hiyo usijione wa ajabu.

La bega. Bega la upande uliopasuliwa linauma na hakuna aliyeligusa. Neva ya kiwambo cha chini ya mapafu inaanzia shingoni, ubongo unachanganya habari, unadhani bega ndo linaumia. Mara nyingi ni la siku chache.

Kwa kila moja andika namba kutoka 0 hadi 10, mara mbili: ukiwa umetulia, na ukiwa unakohoa. Ya kukohoa ndo ya maana zaidi. Mtu akikaa bila kusogea anaweza kusema "niko 2" huku hawezi hata kuvuta pumzi nusu.

## Hatua ya 2: Meza kwa saa, sio kwa maumivu

Hii ndo hatua ambayo ukiifanya vizuri zilizobaki zinakuwa nyepesi.

Maumivu yakishapanda yanakuwa magumu kuyashusha, utahitaji dawa nyingi zaidi na bado utasubiri ikolee. Ukimeza kabla hayajapanda kidogo tu kinatosha. Weka alamu kwa kila dozi, hata ile ya usiku katika siku za mwanzo, na kila ukimeza piga tiki kwenye daftari, kwa sababu dawa zenyewe zinasahaulisha na kumeza mara mbili ni rahisi kuliko unavyodhani.

Parasetamoli ndo msingi. Kwa mtu mzima kipimo cha kawaida ni gramu 1 kila baada ya saa 6, na usizidi gramu 4 ndani ya saa 24. Kama una chini ya kilo 50 au ini lina shida, kipimo chako ni kidogo zaidi, muulize daktari. Angalia na dawa za mafua, nyingi zina parasetamoli ndani, unajikuta umezidisha bila kujua.

Ibuprofeni na diklofenaki zinasaidia uvimbe lakini sio za kila mtu. Una shida ya figo, vidonda vya tumbo, au unameza dawa ya kuzuia damu kuganda? Usiguse bila ruhusa. Ukiruhusiwa, meza baada ya kula.

Kodini, tramadoli, mofini. Hapa kila mtu ana hofu ya uteja. Mimi tramadoli niliificha kwenye droo, nikaiita ya siku mbaya, matokeo yake kila siku ikawa siku mbaya. Ukimeza kwa kipimo ulichoandikiwa, kwa muda mfupi, ukiwa na mpango wa kupunguza, sio kitu cha kukuogopesha hivyo. Cha kuogopa ni hivi: usichanganye na pombe, usichanganye na vidonge vya usingizi, usiendeshe gari, na kama familia wanaona unasinzia hata ukiongeleshwa au unapumua polepole mno, hiyo ni dharura, waite msaada.

Na choo jamani. Dawa hizi zinafunga choo kwa karibu kila anayezimeza, na kukamua ukiwa na kifua kibichi ni adhabu. Anza dawa ya kulainisha choo siku ile ile unayoanza mofini, kunywa maji, kula matunda na mboga, tembea. Siku tatu zikipita bila choo piga simu.

Kupunguza kunaenda hivi: unashusha kwanza zile kali, parasetamoli unaiacha mwisho. Kama umemeza mofini wiki kadhaa usikate ghafla, daktari akupangie.

*Umefaulu ukiona:* namba ya kukohoa iko 3 au 4. Sio sifuri! Anayesubiri sifuri atazidisha dozi bure. Kipimo ni kwamba unaweza kuvuta pumzi ndefu, kukohoa na kutembea hadi mlangoni na kurudi.

## Hatua ya 3: Pumua na ukohoe kwa makusudi

Ukiogopa kukohoa makohozi yanakaa, kipande cha pafu kinajikunja, halafu nimonia inaingia. Fanya kama nusu saa hadi saa moja baada ya kumeza dawa:

1. Kaa wima, miguu chini.
2. Vuta pumzi puani taratibu hadi mwisho, shika sekunde 3, iachie. Mara 5. Ukisikia kizunguzungu pumzika.
3. Fungua mdomo, toa hewa kwa nguvu kama unatia mvuke kwenye kioo, mara 2.
4. Bana mto mdogo juu ya mshono kwa mikono miwili, kohoa.

Rudia kila saa ukiwa macho kwa wiki za mwanzo. Kama ulipewa kile kifaa cha kuvutia pumzi chenye vimpira, ndo wakati wake. Mshono hautaachia kwa kukohoa, mto unaubeba. Na mto huo huo uweke kati ya kifua na mkanda ukiwa kwenye gari.

Makohozi yakizidi kuwa meupe na kupungua uko sawa. Yakigeuka kijani au njano nzito, na homa juu yake, usisubiri kesho.

## Hatua ya 4: Bega na ngozi

Mtu akiumwa anabana mkono ubavuni, baada ya wiki chache bega limeganda, sasa ana matatizo mawili. Simama mbele ya ukuta, tembeza vidole kupanda juu taratibu hadi panapovuta, shusha. Mara 5 hadi 10, asubuhi na jioni. Kuinua vitu vizito ni jambo jingine, kaa mbali na chochote cha zaidi ya kilo 4 au 5 hadi daktari akuachie.

Ngozi inayoruka ikiguswa inafundishika. Kidonda kikishafunga kabisa, ipapase kwa pamba dakika 2 au 3, mara tatu kwa siku, siku zinavyoenda panda hadi kitambaa laini, halafu taulo. Mwanzoni utaniona mwendawazimu. Endelea, neva zinahitaji kuzoeshwa tena kwamba kuguswa sio kuumizwa.

Onyo: usiweke chupa ya maji moto sehemu yenye ganzi. Hutasikia inakuunguza, utakuja kuona malengelenge.

Kama lile la kuungua haliondoki kwa parasetamoli, usiongeze parasetamoli. Mwambie daktari neno "neva". Kuna dawa zake kama gabapentini, pregabalini na amitriptilini. Hizi zinamezwa kila siku hata kama huumwi, zinahitaji wiki moja au mbili kabla hujazihukumu, na haziachwi ghafla. Wengi wanameza siku mbili wanasema hazifanyi kazi. Zinaongeza usingizi, na pamoja na mofini zinaweza kupunguza pumzi, kwa hiyo daktari ajue unameza zote.

## Hatua ya 5: Sasa rudi kitandani

Usifike hapa kama ya 2 hujaikamilisha.

Panga kitanda. Kulala chali kabisa ni shida, kiwambo kinasukumwa juu na kikohozi kinaanza. Jiinue nyuzi 30 hadi 45: mito miwili au mitatu mgongoni kama ngazi, mmoja chini ya magoti usiteleze, mmoja chini ya mkono wa upande uliopasuliwa ili bega lisining'inie. Kiti cha kuegemea nacho ni halali, mimi nililalia kiti siku kumi na moja na sioni aibu. Kama umetolewa pafu zima muulize daktari wako unaruhusiwa kulalia upande upi, hilo usibahatishe.

Kunyanyuka. Usijivute kwa tumbo. Geuka ubavu, shusha miguu, sukuma kwa mkono. Kosa hili moja linaamsha maumivu ya saa mbili.

Panga dawa. Dozi ya mwisho iwe dakika 45 hivi kabla ya kulala. Dozi ya usiku iweke mezani na maji tayari, usiwashe taa kubwa.

Panga mchana. Siku kumi hadi kumi na nne za mwanzo lala unapopata, mwili unajijenga. Baada ya hapo kaza: usingizi mmoja wa mchana, usizidi dakika 30, uishe kabla ya saa 9 alasiri. Kahawa na chai ya rangi mwisho saa sita mchana. Amka saa ile ile kila siku hata kama usiku ulikuwa mbovu, na asubuhi toka nje upate mwanga. Saa ya kuamka ndo inayoshikilia kila kitu, saa ya kulala itajipanga yenyewe.

Ukiamka katikati. Pima: ni maumivu, ni kikohozi, au ni mawazo? Maumivu, angalia daftari kama saa ya dawa imefika. Kikohozi, kaa wima, kunywa maji ya uvuguvugu. Mawazo, kama unahisi zimepita kama dakika 20 toka kitandani, kaa kwenye kiti na mwanga hafifu hadi usingizi urudi. Ukibaki pale unapigana na dari, kitanda kinageuka mahali pa kuteseka na mwili unakizoea hivyo.

Ndoto za ajabu ambazo wengi wanazilalamikia, mara nyingi ni dawa za jamii ya mofini, zinavuruga ile sehemu ya usingizi wenye ndoto. Zinapungua dozi ikipungua. Na tafadhali usiazime kidonge cha usingizi cha mtu mwingine, juu ya mofini na pafu lililopungua kinaweza kukuzimia pumzi usiku.

*Umefaulu ukiona:* vipande viwili vya saa tatu tatu. Saa nane mfululizo zisahau kwa sasa.

## Hatua ya 6: Hofu ya pumzi

Unapanda ngazi tatu pumzi inakata, unaogopa, ukiogopa unapumua haraka haraka, pumzi inazidi kukata. Kata mduara: kaa, inamia mbele, viwiko juu ya mapaja. Vuta puani kwa hesabu ya 2, toa kwa midomo iliyobanwa kama unapuliza chai, kwa hesabu ya 4. Washa feni ndogo, ielekeze puani na mashavuni. Inaonekana mchezo wa watoto ila upepo ule usoni unapunguza hisia ya kukosa hewa kweli kweli. Ndani ya dakika chache ikitulia ilikuwa kuchoka na hofu. Isipotulia, au imekuja umekaa tu, rudi kwenye orodha ya dharura.

## Hatua ya 7: Moyo mzito

Watakwambia jikaze. Usiwabishie, ila usiwasikilize. Mwili umepasuliwa, usingizi umekatika, kazi umeiacha, pengine unasubiri majibu ya maabara ya kile kilichotolewa, moyo usingezama ungekuwa wa chuma. Waliowahi kuvuta sigara wanaongezea hatia juu, wanajiona wamejitakia. Hatia hiyo haifungi mshono, na kama bado unavuta, kuacha sasa ndo kitu kikubwa utakachofanyia pafu lililobaki, mwombe daktari akusaidie.

Usisubiri upate hamu ndo ufanye kitu. Hamu inakuja nyuma ya kitendo. Kila jioni andika jambo moja dogo la kesho na saa yake: "saa 4 asubuhi, kutembea dakika 5." Kesho kutwa 7. Lingine liwe la watu: simu ya dakika kumi kwa yule mtu mmoja, na mwambie ukweli, sio "nashukuru naendelea vizuri."

Mawazo ya "je kama ugonjwa umerudi" yape saa yake. Dakika 15, kabla ya jua kuzama, na daftari. Andika kila hofu, mbele yake andika kama kuna la kufanya au hakuna. Yakija usiku unayaambia zamu yenu kesho. Siku za kusubiri picha na majibu yatavunja utaratibu huu, tarajia hivyo, panga kuwa na mtu karibu siku hizo.

Halafu kila Jumapili jiulize maswali mawili: wiki mbili hizi, siku nyingi nimekuwa na huzuni au kukata tamaa? Siku nyingi nimekosa hamu ya vitu nilivyokuwa navipenda? Moja likiwa ndiyo, mpelekee daktari, inaweza kuwa sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, na una tiba ya maongezi na ya dawa. Akikuandikia dawa ya sonona mtajie tramadoli kama unameza, baadhi haziendi pamoja, na jua zinachukua wiki kadhaa kukolea.

Ukianza kuwaza kujidhuru, au kwamba bora usingeamka, usimalize usiku peke yako. Mpigie yule mtu sasa hivi, aje, mwende hospitali leo.

## Hatua ya 8: Daftari kwa daktari

Ukienda kliniki usiseme "naumwa umwa." Fungua daftari, soma hivi: "Nikikohoa naumwa 6. Panaungua chini ya titi hadi mgongoni, nguo ikigusa nashtuka. Naamka mara nne usiku, mara tatu ni kwa maumivu. Nameza dawa hizi, kwa saa hizi. Wiki mbili sina hamu ya kitu."

Kama imepita miezi miwili tangu operesheni na maumivu bado yapo, au yaliisha yakarudi, sema hivyo wazi wazi. Kwanza waangalie kama kuna sababu mpya, wasipoiona hiyo tayari inahesabiwa kama maumivu sugu ya baada ya kupasuliwa kifua, sio uvivu wala deko, na unaweza kuomba upelekwe kwa mtaalamu wa maumivu. Akikwambia "ni kawaida tu" muulize, kawaida hadi lini, na kama haijaisha tarehe hiyo tunafanya nini? Jibu liandike hapo hapo mbele yake, na tarehe.